Majina pacha kwenye data: mabano, namba au maelezo? SKOS, MARC, Wikidata na Excel zikiwekwa pamoja

Ukianza kutengeneza listi ya maneno ya kuainishia vitu, iwe vitabu vya maktaba, picha za kale au ripoti za kilimo, hufiki mbali kabla hujakuta jina moja limebeba vitu viwili au vitatu, na hapo ndo ubishi unaanza. Mkutubi anasema weka mabano. Developa anasema mabano ya nini wakati kila kitu kina namba yake. Bosi anataka ionekane vizuri kwenye Excel, basi. Wote wana hoja, ila kila mmoja anaongelea fomati aliyoizoea bila kusema ni ipi, ndo maana hawaelewani.

Mimi upande wangu nautaja mapema ili usome ukijua: namba ndo kitambulisho, mabano ni ya macho ya binadamu, na fomati ya kuchagua ni ile inayokuruhusu kuviweka hivi viwili mbalimbali bila kupigana nayo. Sasa fomati zenyewe kwenye hili zina tabia tofauti sana. Kuna inayokukatalia, kuna inayokubali kimyakimya halafu unaumia baadaye, na kulikuwa na moja iliyokuwa inaunganisha vitu vyenye jina moja yenyewe tu, wala haikuulizi.

Kwanini kwa Kiswahili shida ina sura yake

Vitawe kila aliyepita shule anavijua: paa, kaa, mbuzi, taa, kiboko, kanga. Kwenye maongezi havitusumbui kwa sababu ngeli inafanya kazi yote. Paa akikimbia ni mnyama, paa likivuja ni la nyumba. Ndege akitaga na ndege ikitua hakuna mtu anayevichanganya. Ila kwenye listi neno linasimama peke yake, halina kitenzi wala kivumishi, upatanisho wote umebaki nje, kwahiyo kitu ambacho lugha ilishakimaliza yenyewe wewe unakirudisha kuwa shida kwa kukiandika herufi tatu kwenye seli moja. Na kuna vinavyoshindikana hata kwa ngeli: mto wa maji na mto wa kulalia vyote ni U-I, papa wa baharini na Papa wa Roma wote A-WA. Hao wa mwisho herufi kubwa inawatenganisha mpaka pale sistimu inapogeuza kila kitu kuwa herufi ndogo wakati wa kutafuta, na sistimu nyingi zinafanya hivyo.

Majina ya mahali ndo balaa zaidi. Tanga ni jiji, Tanga ni mkoa, na tanga lingine liko kwenye jahazi. Mara ni mto na Mara ni mkoa. Nyanza ilikuwa mkoa Kenya, ni wilaya kule Rwanda, na wapo wanaoliita hivyo ziwa Victoria lenyewe. Majengo sijui nianzie wapi, ipo Mombasa, ipo Nairobi, ipo Moshi, ipo Dodoma, na bado hujaenda miji midogo.

Watu nao hivyohivyo. Chukua picha za kale za Zanzibar: nyuma ya picha kumeandikwa "Sultan Khalifa". Yupi? Kuna Khalifa bin Said aliyetawala 1888 mpaka 1890, na kuna Khalifa bin Harub aliyekaa kuanzia 1911 mpaka 1960. "Sultan Ali" nako ni hivyo, Ali bin Said 1890 mpaka 1893, halafu Ali bin Hamud 1902 mpaka 1911. Ukiingiza lebo ya "Sultan Khalifa" kama ilivyo, umezichanganya picha za vizazi viwili kwenye kapu moja na kuzitenganisha baadaye itabidi mtu akae aangalie moja moja, sijui mavazi, sijui majengo ya nyuma.

Mabano: njia ya wakutubi

Hii ndo kongwe. Neno linafuatiwa na kibainishi kwenye mabano: paa (mnyama), paa (nyumba). Kiwango cha ISO 25964 sehemu ya kwanza, kilichotoka 2011 kikachukua nafasi ya ISO 2788 na ISO 5964, kinaitambua njia hii, na kibainishi kinahesabika ni sehemu ya neno lenyewe. Tesauri (listi ya maneno inayoonyesha na uhusiano wake) ya sanaa na majengo ya Getty, ile AAT, imejaa mabano ya namna hii kwa sababu kwa Kiingereza neno la ngoma ya kupiga ndilo hilohilo la ukuta wa duara unaobeba kuba.

Faida yake huwezi kuibeza. Inafanya kazi kwenye karatasi, inafanya kazi kwenye Excel, kwenye ujumbe wa simu, kwenye lebo iliyobandikwa kwenye boksi la nyaraka. Haihitaji seva. Mtu akiona "mbuzi (kifaa cha jikoni)" hana haja ya kuuliza.

Shida ni tatu na ya kwanza watu hawaioni mapema, ni tafsiri. Maktaba ya Kongresi ya Marekani kwenye listi yake ya mada ina Mercury ya metali, Mercury sayari na Mercury mungu wa Warumi, na kwa Kiingereza lazima mabano yawepo. Sasa anakuja mtu anatafsiri listi anaandika "Utaridi (sayari)". Ya nini? Sayari kwetu ni Utaridi na metali ni zebaki, hazijawahi kugongana. Halafu mtu huyohuyo akifika kwenye paa anaacha wazi kwa sababu kwenye Kiingereza hakukuwa na mabano. Mabano ni mali ya lugha moja na hayahami na dhana, kwahiyo ukitafsiri listi futa yote kwanza halafu yarudishe pale lugha yako inapogongana yenyewe.

Ya pili, nani awekewe na nani aachwe. Hao wa Marekani wameiacha Mercury ya metali bila mabano na wengine wakawekewa. Mimi siipendi hiyo, kwa sababu anayeandika haraka atachagua lile tupu hata kama anamaanisha sayari, lile tupu linakuwa jalala. Yakigongana weka kwa wote.

Ya tatu ni kutafuta. Mtu anaandika "paa", sistimu inatafuta neno kamili, inakosa, kwa sababu kwenye data kuna "paa (mnyama)" yenye nafasi na mabano. Inarekebishika ila lazima uifikirie.

Na kabla ya mabano kuna kitu viwango vyenyewe vinashauri na sisi tunakisahau: kama neno la kawaida la maneno mawili lipo, litumie hilo. Kiswahili kina kiunganishi cha -a bwana, kina utajiri huu wa bure! "Mbuzi ya kukunia nazi" inaeleweka kuliko "mbuzi (kifaa)", "kaa la moto" kuliko "kaa (nishati)", "mto wa kulalia" halina mpinzani. Tena unarudisha upatanisho uliopotea, ile "ya" na ile "la" zinakuambia ngeli papo hapo. Mabano mimi nayaacha kwa majina ya mahali na kwa maneno ambayo watu hawayaongezei kitu midomoni.

SKOS: inakubali kila kitu, na ndo hatari yake

SKOS ni kiwango cha W3C, shirika la viwango vya wavuti, kilipitishwa rasmi Agosti 2009, na leo ukitaka kuweka tesauri au mfumo wa mada kwenye wavuti ndo unakutana nayo kwanza. Wazo lake kubwa ni kwamba kitu kinachosimamiwa ni dhana. Neno limebandikwa tu juu yake kama lebo, dhana ina anwani yake ya wavuti na hiyo anwani ndo utambulisho. Lebo zinakuja za aina tatu, prefLabel ambayo ndo lebo kuu, altLabel kwa majina mengine, na hiddenLabel ya kutafutia tu isiyoonyeshwa.

Sheria watu wanazikumbuka nusu. Dhana moja haitakiwi kuwa na lebo kuu zaidi ya moja kwa lugha moja, hiyo ni kweli. Lakini dhana mbili tofauti kuwa na lebo kuu ileile? SKOS haikatazi. Mwongozo wake unashauri usifanye hivyo ndani ya mfumo mmoja, unashauri tu, na faili lako lenye "paa" mbili litapakiwa vizuri kabisa bila onyo lolote. Kwa hiyo usisubiri fomati ikushike mkono, pitisha faili kwenye kikaguzi kama qSKOS ambacho moja ya kazi zake ni kukuonyesha lebo zinazogongana.

Kingine, SKOS haina mahali maalumu pa kibainishi. Mabano unayaandika ndani ya lebo kama herufi nyingine, kompyuta haijui kwamba "(mnyama)" ni kibainishi. Mimi ninavyoandika ni hivi:

:c0147 skos:prefLabel "paa (mnyama)"@sw ;
  skos:hiddenLabel "paa"@sw ;
  skos:broader :c0031 .

:c0148 skos:prefLabel "paa la nyumba"@sw ;
  skos:hiddenLabel "paa"@sw ;
  skos:broader :c0090 .

Hapo anayetafuta "paa" anapata zote mbili na anachagua kwa macho. Maelezo ya matumizi, scopeNote, yaandike hata mstari mmoja, na dhana pana (ile broader) usiiache, kwa sababu programu za kuonyesha kama Skosmos ya Maktaba ya Taifa ya Finland zinaonyesha dhana ikiwa kwenye mti wake na mti peke yake unamaliza ubishi mwingi.

Alama ya lugha nayo ichezee vizuri. Kwa SKOS, "sw" na "sw-KE" ni alama mbili tofauti, na Kiswahili cha Kongo kina alama yake, swc. Maana yake dhana moja inaweza kubeba lebo kuu ya Dar, ya Nairobi na ya Lubumbashi bila kuvunja sheria, na neno linalogongana upande mmoja likapewa mabano upande huo tu.

Sehemu ya hatari hasa ni pale unapounganisha listi mbili. SKOS ina exactMatch ya kusema dhana mbili ni sawa kabisa, na closeMatch ya kusema zinakaribiana. Watu wanaendesha programu inayolinganisha herufi, "Tanga" ya huku na "Tanga" ya kule, inagonga exactMatch, kazi imeisha wanaenda kula. Lakini exactMatch inarithishwa: A ikiwa sawa na B, na B ikiwa sawa na C, basi A ni sawa na C moja kwa moja. Kwahiyo linki moja mbovu kati ya jiji na mkoa inasafiri mpaka kwenye listi ya tatu ambayo wewe hata hukuigusa. closeMatch haina tabia hiyo. Kama umelinganisha kwa jina peke yake bila kuangalia aina, weka closeMatch, usione aibu.

Kuna pia SKOS-XL, ambayo lebo yenyewe inakuwa kitu chenye anwani yake. Kwa wengi ni mzigo. Ila kama unataka kurekodi ngeli ya kila lebo, nani kaipendekeza, lini imebadilishwa, ndo njia, na AGROVOC ya FAO, tesauri ya kilimo ambayo Kiswahili nacho kimo, inatumia hiyo. Mahindi huko ni c_12332, namba ambayo haikwambii chochote, na ndivyo inavyotakiwa.

MARC: jina ndo ufunguo, ukitaka usitake

MARC, fomati ya kuandikia rekodi za katalogi za maktaba, ilizaliwa Maktaba ya Kongresi miaka ya 1960 na mpaka leo katalogi nyingi za vyuo vyetu ziko humo. Mantiki yake ni kinyume na SKOS. Huku kichwa cha jina kama kilivyoandikwa, herufi kwa herufi, ndo kinachomtenganisha mtu na mwingine, na katalogi nyingi zinaunganisha kitabu na rekodi ya jina kwa kulinganisha maandishi hayo. Kwahiyo vichwa viwili haviruhusiwi kufanana na unalazimika kuongeza kitu: kijisehemu $d kwa miaka ya kuzaliwa na kufa, $c kwa cheo, $q kwa jina refu zaidi. Masultani wetu wale wanamalizika vizuri humu, jina la baba, cheo na miaka, hakuna atakayechanganya.

Uzuri wake ni kwamba inakulazimisha. Huwezi kuwa mvivu, ukiwa na waandishi wawili wanaoitwa Juma Ali lazima utafute mwaka wa kuzaliwa wa mmojawapo. Na kama taarifa hazipatikani? Wakaweka mlango wa nyuma, kwenye rekodi ya jina, uga 008 nafasi ya 32, unaandika "b" kumaanisha jina hili halijatenganishwa, watu kadhaa wako chini ya rekodi moja. Wajerumani walikuwa nao kwenye GND, faili lao la pamoja la majina, rekodi za Tp za mtu aliyetambulika na za Tn za jina tupu. Ukikuta rekodi ya namna hiyo usiiunganishe na chochote nje, wewe jua umeshika kapu tu.

Ubaya wa MARC ni kwamba kitenganishi kinabadilika. Mzee Ali Hassan Mwinyi alizaliwa 1925, kama katalogi yako ilimwandika na "1925-" iliyoachwa wazi, amefariki Februari 2024, sasa ukitaka kuifunga ile miaka umebadilisha ufunguo, na kila rekodi iliyokuwa inategemea maandishi yale inabidi ifuate. Ndo maana siku hizi kuna $0 ya kubeba namba ya rekodi ya jina na $1 ya anwani ya mtu mwenyewe. Kama sistimu yako inazikubali zijaze, hata kama mkuu wa kitengo haoni faida yake leo.

Kwa watu walio hai, hasa watafiti, ORCID, namba ya utambulisho wa mtafiti iliyoanza Oktoba 2012, imepunguza maumivu sana, kila mtu na tarakimu zake 16, anazibeba hata akibadilisha jina au chuo. ISNI, ambayo ni ISO 27729, ni ya watunzi wa kila aina, hai na marehemu. VIAF inakusanya rekodi za maktaba za taifa mbalimbali kwenye mafungu, ni nzuri kwa kuanzia ila mafungu yanatengenezwa na kompyuta na watu wawili wa jina moja wanaweza kukutwa wamelala kitanda kimoja, kwahiyo fungua uangalie kabla hujanakili namba.

Dewey kwa kifupi

Dewey ni mfumo wa namba za kupangia vitabu maktabani, na wapo wanaosema "sisi tuna namba za Dewey, zinatosha". Hazitoshi. Ni kweli zinatenganisha Mercury vizuri, sayari iko 523.41 na elementi ya kikemia 546.663. Lakini Dewey inagawa kwa fani, kwahiyo zebaki hiyohiyo moja ukiiangalia kama kemia ina namba yake na ukiiangalia kama metali ya kuchenjuliwa ina nyingine. Namba ya Dewey inakuambia kitabu kikae rafu gani. Kitu chenyewe ni kipi, hilo halimo.

Wikidata: jina lolote, ila maelezo yasifanane

Hii ni hifadhidata huria ya pamoja, ndugu ya Wikipedia, imeanza Oktoba 2012 na kwa maoni yangu ndo imelitatua jambo hili kwa akili zaidi kuliko zote. Kila kitu kina namba ya Q. Lebo zinaruhusiwa kufanana kadri zinavyotaka, wala mabano huweki, Tanga jiji inaweza kuwa "Tanga" na Tanga mkoa nayo ikawa "Tanga". Kinachokatazwa ni lebo na maelezo mafupi kufanana vyote viwili kwa lugha moja. Yaani kibainishi kimetolewa kwenye jina kikapewa chumba chake, "jiji la kaskazini mashariki mwa Tanzania" huku, "mkoa wa Tanzania" kule. Halafu kuna sifa ya P1889 ya kusema kitu hiki si kile, unaifunga kati ya vitu viwili ambavyo watu huvichanganya ili anayefuata asije akaviunganisha.

Ila angalia hapa. Maelezo yakiwa matupu ile sheria haina cha kuzuia. Na kwa Kiswahili maelezo matupu yamejaa, watu wanaongeza lebo wanaondoka. Ukitaka kusaidia Wikidata ya Kiswahili usiongeze lebo elfu, jaza maelezo ya zile zilizopo, hiyo kazi haina sifa ila ndo inayohitajika.

Tangu 2018 kuna pia leksimu, namba za L, ambazo ni za maneno yenyewe. Huko kaa wa baharini na kaa la moto zinaweza kukaa kila moja na namba yake na ngeli yake, na kila maana ikaunganishwa na namba ya Q ya kitu chake. Kwa anayetengeneza kamusi hiyo ndo ya kuangalia, SKOS haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Ubaya wa Wikidata unajulikana, yeyote anaweza kuhariri na vitu viwili vinaweza kuunganishwa na mtu mwenye haraka. Namba ya zamani inabaki ikielekeza kwenye mpya, sawa, ila maana uliyoitegemea imeshahama. Mimi naitumia kama kituo cha kuunganishia, vitambulisho vyangu mwenyewe vinabaki nyumbani.

Ile ya zamani niliyosema

Topic Maps, ISO/IEC 13250, kiwango cha kupanga mada na uhusiano wake. Toleo la XTM 1.0 la 2001 lilikuwa na kanuni kwamba mada mbili zenye jina moja kwenye muktadha mmoja ni mada moja, programu inaziunganisha. Hebu fikiria listi ya Kiswahili humo ndani, paa mnyama amepewa mabati na misumari! Dawa ilikuwa kutaja muktadha kwa kila jina, kitu ambacho watu walikisahau. Kanuni ikaondolewa kwenye modeli mpya ya 2006. Siku hizi kuikuta ni nadra, nimeitaja kwa sababu kuna programu nyingi za leo zinazofanya vilevile bila kuwa na kiwango chochote, ukiingiza lebo ambayo tayari ipo zinakuunganisha nayo kimya.

Excel na CSV, ambako wengi ndo tuliko

Tuseme ukweli, listi nyingi za ofisini ziko kwenye Excel. Na Excel haina maoni yoyote kuhusu majina kufanana. VLOOKUP, ile fomula ya kutafuta, ikitafuta "Tanga" inachukua ya kwanza inayoikuta kutoka juu na kuondoka, ya pili haijawahi kuwepo duniani. Ripoti inatoka, takwimu za mkoa zimekaa kwenye jiji, na hakuna seli hata moja iliyogeuka nyekundu.

Mpangilio wangu ni kolamu nne: namba, jina tupu, kibainishi, aina. Lebo ya kuonyesha unaitengeneza kwa fomula inayounganisha jina na kibainishi, huiandiki kwa mkono. Na VLOOKUP zote zitafute namba. Hii inakupa karibu kila kitu cha Wikidata bila intaneti, na siku ukihamia SKOS zile kolamu zinageuka moja kwa moja, mabano yanaingia au yanabaki nje kwa uamuzi wa dakika mbili badala ya kusafisha seli moja moja.

Kwa majina ya mahali ongeza aina kutoka GeoNames, hifadhidata ya majina ya mahali, ambayo inaandika PPL na ndugu zake kwa mji, ADM1 kwa mkoa, STM kwa mto, LK kwa ziwa, kila kimoja na namba yake. Mikoa pia ina misimbo ya ISO 3166-2, mkoa wa Tanga ni TZ-25, Mara ni TZ-13, na jiji au mto haviwezi kuingia humo hata kwa bahati mbaya. Majengo zako zitenganishe kwa wilaya au mji, usiziandikie Majengo 1, Majengo 2, hiyo ni kumkomoa atakayekuja baada yako.

Ukiwa na listi chafu tayari, OpenRefine, programu ya kusafisha data, ina sehemu ya kulinganisha na Wikidata. Usiiachie jina peke yake, ipe na aina na kolamu nyingine moja kama nchi au mwaka, tofauti yake ni kubwa mno.

Sasa uchukue ipi

Maktaba yenye vitabu na sistimu ya MARC tayari, baki huko, usikimbilie mitindo, jaza $0 na $1 na uache kutengeneza rekodi za majina yasiyotenganishwa. Hifadhi ya nyaraka au picha yenye majina ya watu na mahali na bajeti ya kuungaunga, kolamu nne za Excel pamoja na kolamu ya tano ya namba ya Q, inatosha kwa miaka. Mradi wa lugha mbili au zaidi, au listi ambayo taasisi nyingine wataitumia, hapo ni SKOS na usibishane, na SKOS-XL uiguse tu kama una mtu wa kuisimamia. Kamusi, leksimu. Majina ya watafiti, ORCID kabla ya kitu kingine chochote. Kuhusu kuifanya Wikidata ndo hifadhi yako kuu nimeshasema, mimi hapana, ila najua watu makini wanaofanya hivyo na wanalala usingizi.

Kitu kimoja cha utekelezaji, ambacho fomati zote zinakiachia wewe. Itafika siku utagundua dhana moja uliyoitumia kwenye rekodi mia kumbe ilikuwa vitu viwili, tuseme "Tanga" uliyoitumia kwa jiji na mkoa kwa pamoja. Kishawishi ni kuiacha namba ya zamani iwe jiji na kufungua mpya kwa mkoa. Usifanye hivyo, rekodi za zamani za mkoa zitageuka kuwa za jiji bila mtu kuzigusa. Fungua namba mbili mpya, ile ya zamani kwenye SKOS iwekee owl:deprecated (imeachwa) na dct:isReplacedBy (imebadilishwa na) zikielekeza kwa zote mbili, kwenye Excel andika tu "imefungwa, tazama 0212 na 0213", na rekodi zile mia zibaki na namba ya zamani mpaka mtu azifungue na kuamua moja moja.